Mzigo wa dharura: Njia ipi ifaayo kuufikisha Busia, Malaba na Budalang'i?

GAZETI ni bidhaa inayooza upesi kuliko samaki. Samaki aliyefunikwa vyema kwa barafu aweza kukaa siku kadhaa na bado akapata mnunuzi, ilhali gazeti la jana halina wa kulitaka ila muuza njugu anayetafuta karatasi ya kufungia.

Ndiyo maana sisi tunaofanya kazi katika vyumba vya habari hujifunza mapema somo ambalo wafanyabiashara wengi hulipata kwa hasara. Ukurasa ukichelewa nusu saa jijini Nairobi, nusu saa hiyo hairudishwi na dereva hata awe hodari namna gani. Itamfikia msomaji wa Busia ikiwa imezaa nyingine, kwa maana gari litakuta malori yamekwisha kujipanga kwenye miinuko na wauzaji wa vituo vidogo wamekwisha kwenda zao.

Somo hilo lina uzito wa pekee katika ukanda wa mpaka wa Kenya na Uganda, kuanzia Malaba hadi Busia na kuteremka mpaka Budalang'i, mahali Mto Nzoia unapomwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Hapa hupita shehena za Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na mashariki mwa Kongo. Hapa pia ndipo mafuriko yanapoweza kuikata barabara katika usiku mmoja na kuufanya mzigo wa kawaida kuwa suala la uhai.

Wala haraka si jambo geni kwa wakazi wa eneo hili. Inasimuliwa kuwa neno bodaboda lilizaliwa Busia katika miaka ya 1960, waendesha baiskeli walipokuwa wakiwavusha watu na mizigo yao katika eneo lililo baina ya vituo viwili vya forodha, huku wakinadi kwa sauti safari ya kutoka mpaka huu hadi ule.

Baiskeli haikuwa na kasi kuliko lori. Ilishinda kwa sababu ilifanya kazi pale hasa ambapo muda ulikuwa ukipotea. Kanuni hiyo ndiyo ingali inafaa kumwongoza yeyote mwenye mzigo wa dharura hadi leo.

Swali la kwanza

Kabla ya kuuliza ni chombo gani kinachokimbia zaidi, mwenye mzigo anafaa kujiuliza: mzigo huu ukichelewa kwa siku moja, nitapoteza nini? Jibu lisiwe la kukisia bali liwe la hesabu.

Tuchukue mfano wa mwenye kinu cha kukoboa mpunga huko Bunyala ambaye kipuri cha mashine yake kimevunjika msimu wa mavuno. Tuseme, kwa hesabu za mfano tu, kwamba kila siku kinu kinapolala yeye hupoteza Sh15,000. Kipuri kinapatikana Nairobi na kina uzani wa kilo 12. Basi la usiku litamtoza Sh1,000 na kukifikisha Busia alfajiri. Gari la kukodi litamtoza Sh25,000 na kukifikisha saa nne usiku uo huo.

Kwa kutazama saa pekee, gari la kukodi ndilo la kasi. Hata hivyo, fundi hafanyi kazi usiku na kinu hakifunguliwi kabla ya saa mbili asubuhi. Mwenye kinu atakuwa ametumia Sh24,000 zaidi ili kipuri kilale Busia badala ya kulala njiani. Kasi isiyotumika ni fedha zilizotupwa.

Mambo hubadilika ikiwa mzigo ni chanjo zinazopaswa kuwa katika baridi ya kati ya nyuzi 2 na 8. Sanduku la baridi lina saa zake. Saa hizo zikipita, hasara haiongezeki kidogo kidogo kama ile ya kinu, bali shehena nzima huwa takataka kwa mara moja. Vivyo hivyo kwa hati za zabuni zinazofungwa saa sita adhuhuri: zikifika saa sita na robo, ni sawa na zisizofika.

Kwa hivyo, mzigo ambao hasara yake hukua siku baada ya siku hutafutiwa njia ya bei nafuu inayofika kabla ya saa za kazi. Mzigo wenye saa ya mwisho hutafutiwa njia ya hakika zaidi, hata kama si ya kasi zaidi, na hutengewa muda wa ziada.

Muda hupotelea wapi?

Barabara ya kutoka Nairobi hadi Malaba kupitia Nakuru, Eldoret na Webuye, na ile ya kwenda Busia kupitia Kericho na Kisumu, zote mbili hazifiki kilomita 500. Gari dogo humaliza safari hiyo kwa siku moja. Iwapo mzigo umechukua siku tatu, basi muda haukupotea magurudumu yakizunguka. Ulipotea magurudumu yakiwa yamesimama.

Sababu ya kwanza ni lori la mizigo mchanganyiko. Bei yake ni nafuu kwa kuwa gharama hugawanywa miongoni mwa wateja wengi, lakini lori hilo haling'oi nanga mpaka lijae, na njiani husimama kila mji kushusha. Msafirishaji akikuambia "litaondoka leo", muulize litaondoka saa ngapi hata kama halijajaa. Akisita kujibu, umepata jibu.

Sababu ya pili ni mizani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuhusu uzani wa magari imeweka kikomo cha tani 56 kwa malori makubwa kabisa, na kila ekseli nayo hupimwa. Lori lililozidisha uzani likinaswa Gilgil au Webuye haliendelei mpaka mzigo upangwe upya au upunguzwe. Mwenye haraka anayejaza lori hadi pomoni ili kuokoa nauli ya safari ya pili huwa amejiwekea kizuizi mwenyewe.

Sababu ya tatu ni uchovu wa dereva. Sheria ya Trafiki ya Kenya hairuhusu dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika muda wa saa 24. Kwa hivyo, anayekuahidi lori kutoka Mombasa hadi Malaba bila kupumzika, umbali wa zaidi ya kilomita 900, sharti akuonyeshe dereva wa pili. Vinginevyo anakuahidi ajali.

Basi, lori au ndege?

Kwa kifurushi kidogo kinachoweza kubebwa na mtu mmoja, basi la usiku limekuwa kwa miaka mingi njia ya wananchi wa magharibi mwa Kenya. Lina saa maalumu ya kuondoka, huondoka hata kama sehemu ya mizigo ni tupu, na hufika kabla ya maduka kufunguliwa. Udhaifu wake ni kwamba mzigo hufuata sheria za abiria. Serikali ilipopiga marufuku mabasi ya usiku mwishoni mwa Desemba 2017, vifurushi navyo vililala hadi marufuku hiyo ilipoondolewa mwaka wa 2018.

Isitoshe, basi halikuletei mzigo mlangoni. Anayeupokea sharti awe na kitambulisho na nambari ya stakabadhi, na awe kituoni. Vifurushi vingi vinavyosemekana kuwa vimechelewa huwa vilifika alfajiri vikakaa stoo hadi jioni kwa kuwa mpokeaji hakuarifiwa.

Kwa mzigo wa tani moja hadi kumi, lori dogo la kukodi lote kwa ajili yako ndilo huwa jibu. Halisimami kumshushia mwingine na halihamishi mzigo njiani. Kila mara mzigo unapohamishwa kutoka chombo kimoja hadi kingine, kuna muda unaopotea na nafasi mpya ya kuvunjika, kulowa au kupelekwa kusiko.

Ndege nayo ina heshima yake, ila wengi huikadiria vibaya. Safari ya angani kutoka Nairobi hadi Kisumu haifiki saa moja. Hata hivyo, mzigo unapaswa kufikishwa mapema, kukaguliwa, kupakiwa iwapo nafasi ipo, kisha kushushwa na kusafirishwa kwa gari takriban kilomita 115 hadi Busia. Kwa mizigo ya Nairobi na Busia, faida ya ndege mara nyingi humezwa na taratibu hizo.

Ndege hufaa pale umbali unapokuwa mkubwa: kipuri kutoka Dubai, Mumbai au London. Hapo mfanyabiashara wa Malaba ana viwanja kadhaa vya kuchagua. Kuna Jomo Kenyatta jijini Nairobi, na kuna uwanja wa kimataifa wa Eldoret, uliofunguliwa mwaka wa 1997 na ambao hupokea ndege za mizigo. Kwa mteja aliye upande wa pili wa mpaka, Entebbe huenda ikawa karibu zaidi na kumwepusha na mpaka kabisa.

Jambo linalowashtua wengi ni ankara ya ndege. Mizigo ya angani hutozwa kwa uzani wake halisi au kwa nafasi inayochukua, kutegemea ni kipi kikubwa. Kanuni iliyozoeleka ni kuzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha kugawanya kwa 6,000. Sanduku la sentimita 60 kwa 50 kwa 40 hutoa 120,000, na ukigawanya unapata kilo 20. Hata likiwa na kilo nane tu ndani yake, utalipia 20. Kampuni za vifurushi nyingi hugawanya kwa 5,000, na sanduku lilo hilo likawa kilo 24. Kupunguza ukubwa wa sanduku ni njia rahisi ya kupunguza gharama.

Pia kuna bidhaa ambazo ndege hazipokei bila masharti makali: betri za lithiamu, rangi, gundi, mitungi ya gesi na kemikali za shambani. Anayezificha ndani ya sanduku la nguo haharakishi mzigo, bali anahatarisha maisha ya watu na huenda akashtakiwa.

Reli na ziwa

Reli ilifika Kisumu mwaka wa 1901, na njia inayopita Malaba ikaunganishwa hadi Kampala mwaka wa 1931. Reli ya kisasa ilizinduliwa kati ya Mombasa na Nairobi mwaka wa 2017, na mwaka wa 2019 ikafika Naivasha.

Hata hivyo, reli hizi mbili hazina upana mmoja. Ile ya kisasa ina milimita 1,435, ilhali ile ya zamani inayokwenda Malaba ina milimita 1,000. Behewa haliwezi kutoka reli moja likaingia nyingine, hivyo kontena sharti lihamishwe. Kwa makontena mengi mazito, treni huweza kuokoa fedha na kuepusha foleni za malori. Kwa mzigo mmoja wa dharura, kule kuhamishwa ndiko kunakouondolea sifa.

Ziwa Viktoria nalo si la kupuuzwa. Meli ya MV Uhuru, iliyoanza kazi katika miaka ya 1960, ilirejeshwa majini mwaka wa 2019 na kuanza tena kubeba shehena kutoka Kisumu hadi Port Bell. Njia hii hufaa mafuta na bidhaa nzito, lakini thamani yake kuu kwa mwenye dharura ni kuwa mbadala.

Umuhimu wa mbadala ulidhihirika Januari 2008. Ghasia za baada ya uchaguzi zilipofunga barabara na reli kung'olewa Kibera, Uganda ilikumbwa na uhaba wa mafuta. Hali ilijirudia kwa sababu nyingine Januari 2022, madereva walipogoma kulipia vipimo vya Covid-19 vilivyohitajika na Uganda, na malori yakapanga foleni za kilomita nyingi Malaba na Busia. Waliokuwa na mpango wa pili, ama kupitia ziwani au kupitia Tanzania, hawakusubiri habari za redio.

Mpaka huvukwa kwa karatasi

Zamani lori lilisimama mara mbili: likikaguliwa upande wa Kenya, kisha upande wa Uganda. Kwa utaratibu wa Vituo vya Pamoja vya Mpakani, gari husimama mara moja tu katika nchi linakoingia, na maafisa wa mataifa yote mawili hulihudumia hapo. Kile cha Busia kilifunguliwa rasmi na marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni mwezi Februari 2018.

Aidha, chini ya mpango wa Himaya Moja ya Forodha ulioanza mwaka wa 2014, ushuru wa bidhaa za Uganda hulipwa mzigo ukiwa ungali Mombasa. Maana yake ni kwamba lori likifika Malaba halipaswi kuanza kutafuta wakala. Linapaswa kufika likiwa limekwisha kusafishiwa njia.

Kosa kubwa la wenye haraka ni kutanguliza gari na kuacha karatasi zifuate. Dawa haziingii Uganda bila kibali cha mamlaka ya dawa ya nchi hiyo. Mbegu na mimea huhitaji cheti cha afya ya mimea kutoka KEPHIS. Mahindi yanahitaji uthibitisho kuwa hayana sumukuvu, jambo ambalo wafanyabiashara walilikumbuka kwa uchungu Machi 2021 Kenya ilipozuia ghafla mahindi ya Uganda na Tanzania. Gari nalo sharti liwe na kadi ya manjano ya bima ya COMESA.

Jambo jingine lisilojulikana na wengi ni kuwa hati za shehena inayopitishwa nchini hutaja kituo cha kutokea. Ukisikia kuna foleni Malaba, huwezi tu kumpigia dereva simu umwambie akunje kuelekea Busia, ingawa miji hiyo imetenganishwa na kilomita 30 hivi. Forodha sharti iidhinishe mabadiliko hayo, na lakiri ya kielektroniki iliyofungwa kwenye kontena hutoa ishara gari likiacha njia yake. Uchunguzi wa foleni ufanywe kabla ya kujaza hati.

Wafanyabiashara wadogo wana mlango wao. Chini ya utaratibu rahisi wa biashara, bidhaa za eneo hili zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zisizozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani huvuka kwa cheti rahisi cha uasili kinachotolewa mpakani, pasipo haja ya kuajiri wakala.

Mpaka ulipofungiwa watu mwaka wa 2020 na kuachiwa malori ya mizigo pekee, walioathirika zaidi walikuwa kina mama wachuuzi na walemavu wa Busia ambao kwa miaka mingi wamebeba bidhaa kwa baiskeli zao za magurudumu matatu. Baadhi ya wachuuzi walijikusanya wakaweka mizigo yao katika lori moja. Mbinu hiyo ingali inafaa: wenye haraka watano wakiungana, lori dogo huwa lao wote na halimsubiri wa sita.

Na zile njia za panya? Zaonekana fupi. Hata hivyo, sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka wa 2004 inaruhusu bidhaa za magendo kutwaliwa pamoja na chombo kilichozibeba. Aliyeokoa saa tatu aweza kupoteza mzigo na pikipiki kwa pamoja.

Budalang'i: kilomita za mwisho

Mzigo ukifika Busia haujafika Budalang'i. Kingo za Mto Nzoia zimewahi kupasuka mara nyingi, ikiwemo miaka ya 2007, 2008, 2011 na 2020, na kila mara maelfu ya wakazi wamehamia makambini. Mwaka wa 2020 balaa iliongezeka kwa kuwa ziwa lenyewe lilifurika na kumeza fuo na nyumba.

Nyakati hizo, vijiji vilivyo kusini mwa mto, mathalan Khumwanda na Osieko, huweza kufikiwa kwa mashua tu. Lori la tani kumi lililotoka Nairobi kwa kasi husimama ukingoni mwa maji likiwa na magunia ya kilo 90 yasiyoweza kubebwa mtumbwini kwa usalama. Anayetuma msaada anafaa kufungasha kuanzia mwisho wa safari: mafurushi ya kilo 20 au 25, yaliyofungwa kwa plastiki isiyopenya maji, na yenye maandishi pande zote.

Bora zaidi ni kutosubiri. Mvua za masika hutarajiwa kati ya Machi na Mei. Dawa ya kutibu maji, vyandarua na mahema yakiwekwa mapema katika maeneo yaliyoinuka, hakutakuwa na haja ya kulipia ndege mto ukishavunja kingo. Uharakishaji wa bei nafuu kuliko wote ni ule uliofanywa mwezi mmoja kabla.

Kwa wavuvi wa Port Victoria, dharura hutoka upande wa pili. Mbuta na ngege wanaopelekwa Nairobi huhitaji barafu kabla hawajahitaji lori. Katika joto letu, kipimo kinachopendekezwa ni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki, ndani ya sanduku linalozuia joto. Samaki aliyepangwa hivyo huvumilia gari likiharibika kwa saa kadhaa. Aliyefunikwa kwa gunia lenye maji hawezi kuokolewa hata na dereva wa mbio za magari.

Uliza kabla ya kulipa

Kabla ya kutoa fedha, mwulize msafirishaji maswali haya. Mzigo utaondoka saa ngapi hasa, na saa ya mwisho ya kuupokea ni ipi? Utahamishwa mara ngapi? Ni nani atakayeupokea, na simu yake inapatikana? Ukichelewa, nitaarifiwa na nani, na nitarudishiwa nini?

Swali la mwisho ni la bima. Fidia ya msafirishaji mara nyingi hukadiriwa kwa uzani wala si kwa thamani. Kipuri cha kilo mbili chenye thamani ya Sh200,000 kikipotea, huenda ukalipwa kama aliyepoteza kilo mbili za chuma. Tangaza thamani yake na ulipie bima, hasa kwa kuwa mzigo wa dharura ndio hupakiwa kwa pupa.

Wahenga walinena kuwa haraka haraka haina baraka, na wahenga hao hao wakaonya kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Hawakuwa wakipingana. Mwenye kuandaa hati, kufungasha vyema na kumwarifu mpokeaji mapema huwa amekwisha kuiharakisha safari yake kabla dereva hajawasha gari.